Picha ya Daima na Picha ya Hapa: Sanaa ya Zama za Kati na ya Renaisansi Katika Mizani ya Kiswahili



1. Utangulizi

Bangwe ni rasi iliyomo katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mahali ambapo vilima vya nchi kavu huingia katika maji ya Ziwa Tanganyika. Anayesimama huko na kuelekeza uso wake magharibi huwa na ziwa mbele yake, na ng'ambo ya ziwa huwa na milima ya Kongo. Upana wa wastani wa ziwa hilo ni kilomita 50 hivi. Katika miezi ya kiangazi vumbi na moshi huificha milima hiyo; mvua zikishasafisha anga hurejea ikiwa na rangi ya buluu, ilhali kila mkazi wa mwambao huo anafahamu kwamba milima hiyo ina udongo, miti na majani kama milima mingine yote. Mitumbwi ya wavuvi wa dagaa iliyo karibu na ufuko huonekana mikubwa, na ile iliyokwisha kufika mbali huonekana kama mbegu zilizotawanyika juu ya maji. Hakuna mtu wa Bangwe anayedhani kwamba mitumbwi hiyo imepungua ukubwa.

Jambo hilo la kawaida lina swali zito ndani yake. Je, mchoraji auchore mtumbwi kama unavyojulikana kuwa, au kama unavyoonekana? Na milima, aipake rangi ya udongo wake au rangi ya umbali wake? Swali hilo ndilo linalotenganisha, kwa sehemu kubwa, sanaa ya Ulaya ya Zama za Kati, yaani tangu takriban karne ya 5 hadi ya 14, na sanaa ya Renaisansi iliyostawi Italia na Flanders katika karne ya 15 na kuendea karne ya 16.

Maelezo yaliyozoeleka huitaja tofauti hiyo kwa mkato: kwamba watu wa kwanza hawakujua kuchora, kisha wakatokea waliojua. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba maelezo hayo ni potofu. Wachoraji wa zama hizo mbili walijibu maswali mawili tofauti, na Kiswahili, kwa sarufi yake na kwa msamiati wake, kina nyenzo za kuyaeleza maswali hayo kwa usahihi. Wala suala hili si la Ulaya peke yake. Kipimo kilichotumiwa kuzibeza picha za Zama za Kati ndicho kilichotumiwa baadaye kuzipima kazi za mikono ya Waafrika, na istilahi wanazopewa wanafunzi ndizo zitakazoamua iwapo kipimo hicho kitaendelea kutawala.

2. Picha ya daima

Katika kanisa la San Vitale, mjini Ravenna, lililowekwa wakfu mwaka 547, kuna mozaiki ya Mfalme Justiniano akiwa pamoja na askofu, makasisi na askari wake. Wote wamesimama wakimkabili mtazamaji. Nyuma yao hakuna jengo, mti wala anga. Kuna dhahabu tupu. Miguu yao haielekei kubeba uzito wowote, na baadhi yake yaonekana kana kwamba inakanyagana. Mwanafunzi aliyezoea picha za kamera huweza kusema kwamba fundi alishindwa. Lakini fundi huyo alizipanga punje za kioo na mawe kwa maelfu, akazielekeza ili nuru ya madirisha na mishumaa icheze juu yake. Mikono ya namna hiyo haikushindwa kuchora mguu. Haikuwa na haja ya kuonyesha mahali waliposimama watu hao, kwa kuwa dhahabu ile ilimaanisha kwamba hawako mahali popote pa kawaida: wako mbele ya Mungu, daima.

Karne saba na zaidi baadaye, mwishoni mwa karne ya 13, Cimabue alichora kwa ajili ya kanisa la Santa Trinita mjini Florence picha ya Bikira Maria akiwa amekalia kiti cha enzi. Maria ni mkubwa kuliko malaika wanaomzunguka, na malaika ni wakubwa kuliko kiasi ambacho nafasi yao ingeruhusu. Kwa lugha nyingi za Ulaya, mwalimu hulazimika kueleza kwa sentensi kadhaa kwamba ukubwa wa umbo katika picha kama hiyo unaashiria cheo. Kwa Kiswahili maelezo hayo yamo katika neno lenyewe. Mkubwa ni mwenye kimo au unene, na mkubwa ni mwenye umri, mamlaka na heshima. Mtu akisema kwamba wakubwa wamefika, hakuna anayeuliza urefu wao. Maria wa Cimabue ni mkubwa kwa kuwa ni mkubwa, na msemaji wa Kiswahili aliyekwisha kuamkia wakubwa wake tangu utotoni hana cha kushangaa.

Sarufi nayo ina la kusema. Kiambishi hu- cha mazoea kina tabia ya pekee miongoni mwa viambishi vya kitenzi cha Kiswahili: hakichukuani na kiambishi cha nafsi, wala hakifungi tendo katika wakati mmoja. Mimi hutoka, wewe hutoka, wao hutoka. Kitenzi ni kile kile. Tukio linaloelezwa kwa hu- halina jana wala kesho, na ndiyo maana methali nyingi hukitumia. Picha ya Zama za Kati husema kwa hu-. Haidai kwamba fulani alimwona Maria ameketi hivi, siku fulani, kutoka upande fulani. Inasema kwamba ndivyo awavyo. Ulinganisho huu una mipaka yake, kwani picha si kitenzi na rangi si mofimu. Hata hivyo unaonyesha kwamba kutokuwapo kwa mahali na wakati katika usemi hakumaanishi upungufu wa akili ya msemaji. Hakuna anayesema kwamba methali ni habari iliyoandikwa vibaya.

3. Picha ya hapa

Kipindi kilichofuata hakikuja kwa ghafla. Katika kikanisa cha Scrovegni mjini Padova, kilichochorwa takriban mwaka 1305, Giotto aliwapa watu wake uzito wa miili, akawageuza wengine wakampa mtazamaji mgongo, na akaonyesha majonzi katika nyuso na mabega yao. Hata hivyo, Giotto huyo huyo, katika picha ya Maria aliyoichora kwa ajili ya kanisa la Ognissanti, alihifadhi dhahabu na alihifadhi tofauti ya vimo. Maria wake ana magoti yanayoonekana chini ya nguo, na kiti chake kina kina ambacho mtu angeweza kukiingia. Lakini bado yeye ni mkubwa kwa maana zote mbili za neno.

Hatua iliyobadilisha mambo ilitokea Florence katika miongo ya mwanzo ya karne ya 15. Msanifu majengo Filippo Brunelleschi alichora nyumba ya ubatizo ya mji huo kwenye ubao, akautoboa ubao tundu dogo, kisha akamtaka mtazamaji asimame nyuma ya ubao, achungulie tunduni, na aitazame picha hiyo katika kioo kilichoshikwa mbele yake. Kilichoonekana katika kioo kilifanana mno na jengo lenyewe. Jambo la kuzingatiwa hapa ni lile tundu. Picha ilikuwa kweli kwa sharti moja: jicho liwe moja, na liwe mahali pamoja. Mtu akisogea hatua mbili, ukweli huo huvunjika. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliieleza kanuni hiyo katika risala yake juu ya uchoraji, akaifananisha picha na dirisha lililofunguliwa. Mistari ambayo kwa hakika ni sambamba, kama kingo za sakafu na dari, huchorwa ikielekea kukutana katika nukta moja iliyo sawa na jicho la mtazamaji.

Msingi wa kanuni hiyo haukuwa wa Ulaya pekee. Mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, aliandika kitabu kuhusu kuona na nuru, akafafanua kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia kutoka katika vitu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Jina lake kwa Kiarabu, Kitab al-Manazir, lina mzizi ule ule uliokipa Kiswahili neno mandhari. Hivyo basi, mtu wa Kigoma anaposema kwamba mandhari ya ziwa yanapendeza, ametumia neno la ukoo mmoja na jina la kitabu kilichowasaidia Waitalia kuijenga kanuni yao. Na neno hilo limehifadhi maana yake ya asili: mandhari si nchi yenyewe, bali ni nchi kwa kadiri inavyotazamwa.

Kazi inayoionyesha kanuni hiyo kwa uwazi ni Utatu Mtakatifu, mchoro wa ukutani wa Masaccio katika kanisa la Santa Maria Novella, wa takriban mwaka 1427. Mtazamaji anauona msalaba ndani ya kikanisa chenye dari ya mviringo ambacho hakipo. Kuna ukuta tu. Nje ya kikanisa hicho wamepiga magoti mume na mke, watu wa kawaida waliogharimia mchoro, nao hawakupunguzwa kimo mbele ya watakatifu. Nukta ya kukutana kwa mistari iko chini, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama sakafuni.

Hapa sarufi ya Kiswahili inafaa tena. Kiswahili kina viashiria vya mahali vya namna tisa: hapa, huku na humu kwa kilicho karibu na msemaji, hapo, huko na humo kwa kilicho karibu na msikilizaji au kilichokwisha kutajwa, na pale, kule na mle kwa kilicho mbali na wote wawili. Viashiria hivyo haviwezi kufasiriwa pasipo kujua msemaji amesimama wapi. Kule kwa mtu wa Bangwe ni Kalemie na Uvira. Kwa mtu wa Kalemie, naye akisema Kiswahili, kule ni Kigoma. Mchoro wa Masaccio una viashiria vya namna hiyo: hapa aliposimama mtazamaji, pale walipopiga magoti mume na mke, mle ulimo msalaba. Katika mozaiki ya Ravenna hakuna kule, kwa sababu hakuna hapa. Hata hivyo, Masaccio hakuitii kanuni yake mpaka mwisho. Mungu Baba, aliye juu kabisa ya mchoro, hakuchorwa kama mtu atazamwaye kutoka chini. Anaonekana usoni moja kwa moja. Ndani ya picha ya hapa, umbo moja limeachwa liseme kwa hu-.

Huko Flanders mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Jan van Eyck hakutegemea hesabu za mistari kama Waitalia. Alitegemea rangi za mafuta, zilizomwezesha kupaka tabaka juu ya tabaka na kuonyesha mng'aro wa shaba, manyoya na kioo. Katika picha yake ya mwaka 1434 ya mume na mke ndani ya chumba, iliyohifadhiwa London, ukutani kuna kioo kinachoakisi watu wawili wakiwa mlangoni, na juu ya kioo kuna maandishi ya Kilatini yenye maana kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, yakifuatwa na mwaka. Hakuandika kwamba alitengeneza. Aliandika kwamba alikuwapo. Nafsi, mahali na wakati vimo katika sentensi moja fupi, na ni vigumu kupata muhtasari bora wa badiliko lililotokea.

Na milima ya buluu? Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji kwamba kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo hewa iliyo katikati inavyokipa rangi ya buluu, na kwamba mlima wa mbali zaidi upakwe buluu zaidi. Nyuma ya uso wa Mona Lisa, kanuni hiyo imetumika. Anayeitazama Kongo kutoka Bangwe baada ya mvua anaiona kanuni hiyo bila ya kitabu. Jambo ambalo Renaisansi ililiongeza ni uamuzi: kwamba rangi hiyo ya umbali inastahili kuingia katika picha kama sehemu ya ukweli, badala ya kuachwa kama hadaa ya macho.

4. Fundi na msanii

Tofauti ya pili inahusu mtendaji. Mara nyingi hudaiwa kwamba mchoraji wa Zama za Kati hakuwa na jina na kwamba Renaisansi ndiyo iliyompa. Dai hilo lina kiini cha ukweli, ila limetiwa chumvi. Katika kanisa kuu la Autun, nchini Ufaransa, jina la Gislebertus limechongwa chini ya miguu ya Kristo katika mchongo wa Siku ya Hukumu wa karne ya 12. Majina yalikuwapo. Kilichobadilika ni kile ambacho jina lilikilipia.

Mjini Florence wachoraji walikuwa katika chama kimoja na matabibu na wauza dawa, kwa kuwa rangi nazo ziliuzwa madukani mwa wauza dawa. Mteja aliyeagiza picha alitaja katika mkataba kiasi cha dhahabu na ubora wa buluu, hasa ile iliyosagwa kutoka katika jiwe lililochimbwa Badakhshan, nchini Afghanistan. Thamani ilikuwa katika mali ghafi. Polepole, katika karne ya 15, thamani hiyo ilihamia kwenye mkono. Mkataba aliotia saini Domenico Ghirlandaio mwaka 1485, kwa ajili ya picha ya Mamajusi ya nyumba ya watoto yatima ya Florence, unaonyesha hali zote mbili kwa pamoja: unataka buluu ya thamani ya florini nne hivi kwa wakia moja, na papo hapo unataka mchoraji aichore picha yote kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1550 Giorgio Vasari alichapisha kitabu cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo, na mwaka 1563 Florence ikapata chuo cha uchoraji kilichowatenga watu hao na mafundi wengine. Fundi alikuwa amegeuka msanii.

Maneno hayo mawili ya Kiswahili yanastahili kutazamwa kwa makini. Fundi linatokana na mzizi -fund-, ule ule wa kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa hiyo fundi ni mtu aliyefundwa, na aghalabu ni mtu awezaye kufunda wengine. Neno linaonyesha mnyororo, halionyeshi mtu aliye peke yake. Msanii linatokana na sanaa, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo mzizi wake huko ulihusu utengenezaji na kazi ya mikono. Kwa asili, basi, msanii naye alikuwa fundi. Kutengana kwa maneno hayo ni jambo la baadaye, na kumeleta gharama zake. Leo fundi hutumika zaidi kwa mshonaji, mwashi, seremala na mrekebishaji wa vyombo, na wako wanaoona ni kujishusha kuitwa hivyo. Msanii amepandishwa jukwaani. Lakini katika mazungumzo ya mitaani nchini Tanzania usanii umepata pia maana ya ghiliba, na mwanasiasa asiyetimiza ahadi huambiwa kwamba anafanya usanii. Yaelekea watumiaji wa lugha wametambua jambo ambalo nadharia huchelewa kulitambua: kazi ikishakatwa kutoka katika mnyororo wa kufundana, na ikabaki jina na maonyesho, udanganyifu huwa rahisi.

Historia ya hivi karibuni ya Tanzania inaonyesha kwamba hali hizo mbili zaweza kukaa katika nyumba moja. Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao laini kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Aliwafunza jamaa na rafiki zake. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wanafunzi hao waliendelea, wakanakili, wakaongeza, wakafunza wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake. Katika picha nyingi za namna hiyo mnyama mmoja hujaza ubao, mandharinyuma huwa rangi tupu, na hakuna mistari inayokutana popote. Chui wa Tingatinga hakuonekana mahali fulani siku fulani. Ndivyo chui awavyo. Kwa mizani ya mhadhara huu, hiyo ni picha ya daima, iliyotoka katika karakana ya kufundana, lakini yenye kubeba jina la mtu mmoja kama ilivyokuwa desturi ya Renaisansi. Anayesema kwamba picha hiyo iko nyuma ya Masaccio kwa miaka mia tano amekosea kalenda na amekosea swali.

Huko Bangwe na katika fukwe jirani, mtumbwi wa mbao ukikamilika aghalabu huandikwa jina la mwenyewe au dua, wala si jina la aliyeuunda. Kukosekana kwa jina hilo hakumfanyi muundaji kuwa mtu asiyejulikana. Wanaopaswa kumjua, yaani wale watakaoyaaminisha maisha yao kwa mbao alizoziunganisha, wanamjua.

5. Hapa pa nani?

Picha ya hapa ilileta neema kubwa. Ilimwinua mtu wa kawaida, ikampa mahali pa kusimama, ikauheshimu ushahidi wa macho. Lakini ilizaa pia swali ambalo picha ya daima haikuwa nalo: hapa ni pa nani? Dirisha la Alberti lina nyumba, na nyumba ina mwenyewe.

Mwambao wa Kigoma una mfano wa kuaminika. Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mjini Ujiji. Kitabu cha Stanley kilichochapishwa London mwaka uliofuata kina picha ya mkutano huo. Kanuni za Renaisansi zimetumika zote: kuna ardhi, kuna kina, kuna walio mbele na walio nyuma. Wazungu wawili wako katikati, kofia zimeinuliwa, na bendera ya Marekani ipo. Wakazi wa Ujiji, mji ambao wakati huo ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya misafara na mlango wa Kiswahili kuelekea ng'ambo ya ziwa, wamekuwa mandharinyuma. Miongoni mwa waliokuwapo siku hiyo alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye kwa maelezo ya Stanley mwenyewe alimsalimu kwa Kiingereza kabla ya Livingstone kuonekana. Msomaji wa kitabu hulijua jina lake; mtazamaji wa picha hana njia ya kumtambua. Katika mozaiki ya Ravenna ukubwa ulitolewa kwa cheo, na kila mtu aliliona jambo hilo wazi. Katika picha ya Ujiji ukubwa umetolewa na umbali, na kwa kuwa umbali huonekana kama jambo la maumbile, mtazamaji hakumbuki kuuliza nani aliyechagua mahali pa kusimama. Cheo hakikuondoka. Kilijificha.

Jicho lenyewe si shahidi asiyetikisika. Mwezi wa Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walipoufikia mwambao huo, Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho, na ziwa walilolifuata kwa miezi mingi lilikuwa kwake ukungu na mng'aro. Watu wawili walifika mahali pamoja kwa saa moja, na mandhari yakawa mawili. Wavuvi wa mwambao walikuwa na mandhari ya tatu, ambayo hakuna aliyeyachora.

Je, dirisha hilo laweza kuhamishwa? Liliwahi kuhamishwa, na mmoja wa waliolihamisha ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea uchoraji Makerere, Uganda. Katika miaka ya mwisho ya 1950 alichora michoro mitano ya ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Mtakatifu James lililoko Murang'a, nchini Kenya, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, akisimulia maisha ya Kristo tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Watu wa michoro hiyo ni Waafrika, na nchi wanayoikanyaga ni nchi ya vilima vya Kenya ya kati. Wako waliodhani kwamba alikuwa akikiuka desturi ya sanaa ya Kikristo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameifuata desturi hiyo kwa uaminifu kuliko walivyodhani, kwani hata Giotto na Masaccio hawakuchora Palestina waliyoiona. Waliichora habari ya Palestina katika hewa ya Italia. Njau alisema hapa, na hapa yake ilikuwa Murang'a.

6. Hitimisho

Linabaki suala la istilahi. Neno Renaisansi maana yake ni kuzaliwa upya. Vasari alikwisha kutumia neno la Kiitaliano la maana hiyo mwaka 1550, lakini kama jina la zama nzima lilienea kutokana na kazi za Jules Michelet wa Ufaransa, mwaka 1855, na Jacob Burckhardt wa Uswisi, mwaka 1860. Ni jina lililotolewa na washindi kwa ajili ya ushindi wao, na jina la Zama za Kati lina kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna watu waliojiona wanaishi katikati ya zama mbili za wengine.

Waandishi wa Kiswahili hulifasiri mara nyingine neno hilo kuwa Mwamko. Ni neno zuri kwa masikio, na kwa harakati za ukombozi wa Afrika lilikuwa neno la haki, kwa sababu wahusika wenyewe ndio waliojiita walioamka. Likitumika kwa sanaa ya karne ya 15, hubeba hukumu ndani yake: anayeamka alikuwa amelala. Mafundi wa Ravenna na wa Autun hawakuwa wamelala. Mapendekezo ni matatu. Kwanza, Renaisansi litumike kama jina la pekee la kipindi cha Ulaya, litoholewe kama yatoholewavyo majina mengine, lisifasiriwe. Pili, katika kufundisha tofauti ya sanaa hizo mbili, yatumike maelezo yanayotaja swali ambalo picha inajibu: picha ya daima na picha ya hapa, au mengine yatakayoonekana bora, almuradi yasitaje ujinga na ujuzi. Tatu, neno fundi lirudishiwe heshima yake katika vitabu vya sanaa, ili mwanafunzi asomapo habari za karakana za Florence au za Dar es Salaam asidhani kwamba kazi hupata thamani siku inapotiwa saini.

Mwanafunzi wa Kigoma atakayeombwa kuchora ziwa atakuwa na njia mbili mbele yake. Akiipaka Kongo rangi ya buluu, atakuwa amesema alichokiona. Akiipaka rangi ya udongo na miti, kwa kuwa shangazi yake anaishi huko na anajua kuwa kuna mashamba, atakuwa amesema anachokijua. Mwalimu anayemsahihisha wa pili kwa kalamu nyekundu ana wajibu wa kueleza kwanza ni swali gani aliloliuliza.